Nilifuata harufu ya nyumba ya bibi mpaka Omani

Kwenye kabati la vioo la bibi yangu, Pangani, kuna mrashi wa fedha wenye shingo ndefu ambao sisi wajukuu tulikuwa haturuhusiwi kuugusa. Unashushwa siku ya harusi, siku ya maulidi na siku ya hitima, basi. Bibi anautia marashi ya mawaridi, anapita nyuma ya wageni akiwanyunyizia viganjani mmoja mmoja, na mlangoni chetezo kinafuka ubani mpaka watu wanafikicha macho. Ukimuuliza marashi haya yametoka wapi, anasema Maskati. Ubani? Maskati. Halua ya kwenye kile kikapu kidogo? Maskati. Mpaka nafika darasa la tano nilikuwa naamini Maskati ni duka la jumla, pengine lipo Tanga mjini karibu na stendi.

Naanza na hayo kwa sababu kila likizo ikikaribia hakosi mtu wa kuniuliza: nikitaka kwenda Uarabuni kutembea tu, si kuhiji wala kutafuta kazi, niende wapi? Wengi wanauliza hali wameshaamua Dubai, wanataka tu niwaunge mkono. Dubai nimefika. Nilikaa siku nne, nikapanda ngazi za umeme nyingi kuliko nilizopanda maisha yangu yote, nikarudi na begi la magurudumu na viatu vilivyobanduka soli kabla mvua za vuli hazijaisha. Sina ugomvi na Dubai. Ila ukiruka saa tano hivi kutoka Dar unafika Omani, na Omani kuna milima, kuna kasa, na kuna ule mti wa ubani.

Mwenyeji wangu ni shangazi. Aliondoka Tanga miaka ya sabini akiwa msichana, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kujenga kwao. "Kurudi" kwake lilikuwa neno la kuazima, maana alikuwa hajawahi kufika. Maelfu walikwenda hivyo, wengi wao watu wa Unguja na Pemba waliokimbia baada ya Mapinduzi ya 1964, ndiyo maana leo Maskati, mji mkuu wa Omani, ukijua pa kupita unaweza kumaliza wiki kwa Kiswahili na salamu chache za Kiarabu. Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege saa nane za usiku nikamkuta amesimama na birika la chai ya tangawizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Huko Dar hampiki?"

Siku ya pili alinipeleka soko la Matrah, lile la kando ya bahari lenye vichochoro vilivyoezekwa. Nilikuwa nataka kofia ya baba. Kofia ya Kiomani, wao wanaiita kumma, imetobolewa vitobo na kudariziwa kwa sindano karibu sawa na kofia za vito za Zanzibar. Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekaa kimya muda wote tukishauriana pembeni. Shangazi akaninong'oneza, "Mwambie tutampa riali nne, asipotaka tunaondoka, atatuita tu." Mzee akainua macho: "Nne hapana, mama. Tano. Na mkiondoka sikuiteni." Alizaliwa Wete, Pemba. Tulilipa tano, na tukanyweshwa kahawa kwa tende kama faini.

Msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, utauona tu hata usipotaka, na zulia lake lililofumwa kwa mkono kwa miaka minne na mamia ya wanawake wa Kiajemi linastahili kuvuliwa viatu asubuhi mapema kabla ya mabasi ya watalii. Mimi lakini nilikuwa na haraka ya kwenda mlimani.

Mlimani ni Jabal Akhdar, Mlima wa Kijani. Kijana wa ofisi ya kukodi magari aliniapia kwamba kile kigari chake cheupe kinapanda popote. Basi tukaendesha, mimi nikijikumbusha kila mzunguko kwamba huku wanapita mkono wa kulia na usukani uko kushoto, mpaka Birkat al Mawz, chini kabisa ya mlima, ambako kuna kizuizi cha polisi. Askari akatazama magurudumu, akatabasamu kwa adabu kabisa, akatuonyesha pa kugeuzia. Hapandi mtu pale bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ukiuona ule mteremko, na zile njia za dharura za changarawe walizochimba pembeni kwa magari yaliyoishiwa breki, hutabishana. Tukakiacha kigari chini ya mitende, tukakodi Land Cruiser na mzee wa hukohuko juu. Shangazi alilalamikia magoti njia nzima.

Juu, kwenye uwanda wa Saiq, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nilivaa sweta mwezi wa Aprili. Vijiji vimening'inia ukingoni mwa korongo, na chini yake mashamba yamekatwa ngazi ngazi kwenye mwamba, kila ngazi na ukuta wake wa mawe: komamanga, vitunguu saumu, na mawaridi. Madogo, rangi ya pinki iliyopauka, hayana umbo la kujivunia kama ya dukani. Yanachumwa alfajiri kabla jua halijayakausha harufu, na msimu wenyewe ni wiki chache tu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Mei. Ukienda Juni unaona miti yenye miiba.

Mzee wetu wa gari alitupeleka kwa ndugu yake anayekamua. Chumba kidogo, kuta nyeusi tii kwa masizi, jiko la udongo lenye matundu yaliyopangwa kama ya kuchomea vitumbua vikubwa. Kila tundu limekaliwa na chungu. Ndani ya chungu anamwaga mawaridi na maji kidogo, juu yake anaketisha bakuli la shaba, na mdomo wa chungu anaufunika kwa chombo kingine cha mviringo kilichojaa maji baridi. Mvuke unapanda, unagonga ule ubaridi wa juu, unageuka matone, matone yanaangukia kwenye bakuli. Hakuna bomba wala mashine. Maji ya juu yakipata moto anayabadilisha. Yanayopatikana hayauzwi papo hapo. Yanahifadhiwa wiki nyingi mpaka yatulie.

Alinimiminia kidogo kiganjani. Nikanusa, nikanyamaza. Marashi yalikuwa na moshi ndani yake. Miaka yote nilidhani ile harufu ya moshi kwenye mikono yetu baada ya hitima ni ya chetezo kilichokuwa mlangoni. Kumbe ilikuwa imo mle mle ndani ya mrashi, imetoka na masizi ya chumba kama hiki. Shangazi akaniuliza nalia nini. Nikasema jua.

Chini ya mlima ndipo ilipo Nizwa, na ngome yake. Mnara wake ni duara pana kama tangi, umejazwa udongo na mawe chini ili mizinga isiutikise. Aliyeujenga ni Imamu Sultan bin Seif, kwa miaka kumi na miwili, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe Seif bin Sultan ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus ya Mombasa tangu 1696 na kuiteka mwaka 1698. Kwa hiyo mtu wa pwani ukipanda ngazi zile unapanda kwenye ukurasa wa kitabu chako cha historia. Ngazi zenyewe zimepindapinda, kila kona ina mlango, na juu ya kila mlango kuna tundu. Niliuliza tundu la nini. La kumwagia adui asali ya tende inayochemka. Na kweli, ghala la tende lina sakafu yenye mifereji: magunia yanapangwa, yanalaliana kwa uzito, asali inachuruzika yenyewe kwenye mtungi. Ya kula na ya vita inatoka pamoja. Ukiweza fika siku ya Ijumaa asubuhi, uone mnada wa mbuzi: wenye mbuzi wanazunguka duara wakiwavuta, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, bei inatajwa kwa sauti huku watu wanatembea.

Kilichonishangaza zaidi ya ngome ni mfereji. Wao wanauita falaj. Maji yanafuatwa chini ya mlima, yanapitishwa kwenye handaki lililochimbwa kwa mkono kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine kilomita kadhaa, mpaka yanaibuka kijijini yenyewe bila pampu. Iko zaidi ya 3,000 inayofanya kazi hadi leo, na mitano kati yake, pamoja na Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nenda Misfat al Abriyyin uione inavyoishi na watu. Nyumba za udongo zimesimama juu ya majabali, na mfereji unapita katikati ya migomba na mitende kwa sauti ndogo ya kunong'ona. Kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa, halafu ndiyo pa kutawadha, halafu pa kuoga, kisha mashambani. Mgao ni wa muda: kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamani mchana zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Zamu ikifika unachomoa jiwe na matambara, maji yanageuka kwako, ikiisha unaziba. Nilikaa pale nikifikiria mtaa wetu Dar, majirani wawili hawasalimiani mwaka wa tatu sasa kwa sababu ya bomba moja.

Wadi, mabonde ya mito, yanahitaji tahadhari. Wadi Shab ni nzuri: unavushwa kwa boti, unatembea kama dakika arobaini na tano kati ya kuta za mwamba, halafu unaogelea dimbwi baada ya dimbwi mpaka kwenye ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, na ndani yake pango lenye maporomoko. Mjukuu wa shangazi ameingia. Mimi niliishia kwenye ufa nikishika vitu vya watu. Ukiona wingu limeshika mlima, hata kama ulipo jua linaunguza, toka bondeni. Maji huko hayapigi hodi.

Kutoka hapo tukashuka Sur, mji wa mafundi wa majahazi. Pembeni ya bahari wameiweka Fatah al Khair, ganja iliyoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951 (jina lisikuchanganye, ganja ni aina ya jahazi). Majahazi haya ndiyo yaliyokuja na kaskazi, Desemba mpaka Machi, yamebeba tende, chumvi na papa wakavu, yakasubiri upepo ugeuke kuwa kusi, yakarudi na boriti. Kwenye nyumba moja ya zamani mwenyeji alinionyesha dari: "Hizo boriti za kwenu." Mikoko ya Rufiji na Lamu, imekaa kichwani mwa watu wa Sur miaka yote hiyo. Vyumba vya zamani huko ni vyembamba kwa sababu ileile inayofanya vya Lamu na Pangani viwe vyembamba: boriti haifiki mbali.

Na si boriti tu zilizopakiwa. Nimezaliwa Pangani, mji ambao misafara ya watumwa kutoka bara ilikuwa ikimalizikia mdomoni mwa mto, kwa hiyo sikuweza kusimama mbele ya lile jahazi nikaona mbao na misumari peke yake. Majahazi ya Sur yalikuwa katika biashara hiyo mpaka karne ya kumi na tisa inakwisha, mengine yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zisiyapekue; ubishi ule ulifika mpaka mahakama ya The Hague, ukaamuliwa mwaka 1905. Ndani ya Omani yenyewe utumwa ulifutwa 1970. Kwenye mabango niliyosoma katika safari yangu nilikuta habari nyingi za tende, karafuu na dira, na za watu hawa nilikuta kidogo mno. Shangazi nilipomuuliza alisema, "Mambo ya kale hayo," akabadilisha mazungumzo. Baadaye usiku, peke yetu, akanieleza mwenyewe habari ya bibi yake mzaa mama, ambayo si yangu kuiandika. Nenda Omani, ila usiache akili hotelini.

Usiku huohuo tulikwenda Ras al Jinz kuona kasa. Huruhusiwi kushuka ufukweni bila muongozaji, wala kuwasha taa ya simu, na hili nalipenda. Tulitembea gizani, mchanga baridi, mpaka muongozaji akapiga magoti akatuita kwa mkono. Mama kasa, mpana kuliko sinia ya pilau ya harusi, alikuwa amechimba shimo kwa makasia ya nyuma na anadondosha mayai, mawili, matatu, kisha anapumzika na kutoa pumzi nzito kama mtu aliyetua ndoo. Hutaga karibu mia kwa mkupuo mmoja. Akimaliza anafukia, anatupa mchanga kila upande kuficha alama, na watu wa mbele walipata wa kutosha usoni. Muongozaji akasema kasa jike hurudi kutaga kwenye ufuo uleule alioanguliwa, hata apite bahari gani. Shangazi akasema kwa Kiswahili, polepole, "Bora yeye, haombwi karatasi."

Salalah, kusini mwa Omani, nilikwenda safari nyingine, Agosti, kwa ndege, maana kutoka Maskati kwa barabara ni kama kilomita 1,000 na nyingi ni tambarare isiyo na kitu. Maskati ilikuwa na zaidi ya nyuzi arobaini. Nikatua kwenye manyunyu. Hiyo ndiyo khareef: kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba, kusi ileile inayopita kwetu inavuma juu ya bahari iliyopoa, inabeba ukungu na kuubamiza kwenye milima ya Dhofar, jimbo hilo la kusini, nao unanasa hapo kwa wiki kumi hivi. Milima inakuwa ya kijani kama Lushoto. Ngamia wanakula majani mabichi pamoja na ng'ombe. Na familia za Kiarabu kutoka Ghuba nzima zinakuja, zinatandika mikeka kwenye matope, zinakaa zikilowana kwa furaha isiyo kifani. Barabarani kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Nilimpigia bibi nikamwambia nimekunywa dafu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yaani umepanda ndege kwenda kunywa dafu."

Ila ukivuka mlima kwa gari, ndani ya kilomita chache ukungu unakatika kama uliokatwa kwa kisu. Upande huu nyasi, upande ule mawe ya kahawia na joto. Ni upande huo mkavu, Wadi Dawkah, yapata kilomita 40 kaskazini ya Salalah, ndipo nilipoukuta mti. Ni mfupi, umejikunja, matawi yameanzia chini kabisa, majani madogo yaliyosinyaa, na gome linabanduka kama karatasi iliyolowa ikakauka. Ukipita bila kuambiwa utadhani umekufa. Wanaukwangua gome kwa kisu kifupi wanachokiita manqaf. Utomvu mweupe kama maziwa unatoka, unaachwa ugande juani, baada ya wiki kama mbili wanarudi kuubandua na kukwangua tena. Mavuno ya mwanzo hayana thamani. Ya baadaye ndiyo ubani wenyewe. Niliona tone moja limening'inia kwenye kovu, halijagusika na mtu. Nikaligusa, likanata kidoleni, na kidole kikanuka sebule ya bibi.

Somalia nao wana ubani, na mwingi uliofukizwa pwani yetu ulitoka huko, hilo lazima niliseme kabla Msomali hajaniandikia. Ila mabandari ya kale ya Dhofar, Sumhuram penye ghuba ya Khor Rori na Al Baleed pale pale Salalah, yaliishi kwa utomvu huu. Pamoja na Wadi Dawkah yamo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Sumhuram unatembea kati ya kuta za ghala zilizojengwa kabla ya Kristo, mbele yako bahari, na kwenye lango mawe yana maandishi ya Arabia ya kusini yaliyochongwa kwa herufi zilizonyooka kama vijiti.

Sokoni nilinunua hojari, ubani wa daraja la juu, punje za weupe unaoelekea ukijani. Nilipatana nusu saa nikajiona mshindi. Kumbuka tu riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, akili ya shilingi inachelewa kuelewa.

Nilimpelekea bibi Pangani na chupa ya marashi ya mlimani. Marashi aliyanusa akatikisa kichwa kukubali, akaenda mwenyewe kushusha mrashi. Ubani aliumwaga kwenye kanga, akaupepeta kwa vidole kama mchele, akaweka punje moja mdomoni akaitafuna taratibu.

"Umenunua bei gani?"

Nikamtajia.

"Umepigwa, mjukuu wangu," akasema, akatia punje mbili kwenye chetezo, zilizobaki akazifungia kwenye kopo la kahawa na kulisukuma nyuma kabisa ya kabati.